Pakiti Zilizogeuzwa Ukutani

Nyie vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi, kaeni chini kwanza, na hizo simu wekeni pembeni. Mkitaka kujifunza kupanga rangi kwenye kompyuta mmekosea nyumba. Nendeni kwa Selemani, mwenzangu niliyefungua naye ofisi. Bado yupo pale mjini na macho yake bado mazima. Mimi mikono inatetemeka, hata chai naimwaga. Lakini mkitaka kujua kwa nini miaka yangu ya mwisho kazini nilikataa katakata kuchora sura ya mtu kutoka kichwani, hilo nitawaambia. Kosa langu lilikaribia kumfilisi mwanamke mmoja wa Mtawanya, na likamleta mlangoni kwangu binti wa watu na swali ambalo nikilikumbuka hadi leo mwili unanisisimka.

Mimi ni Somoe. Hapa Shangani, Mtwara, wananiita Bi Vibao, kwa sababu nilianza na brashi kabla hapajawa na hayo mambo yenu ya kubofya. Aliyenifundisha ni marehemu Fundi Chilumba, Mungu amrehemu, mtu mkali kama pilipili na mchafu wa nguo kupita kiasi. Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha bucha. Nikachora ng'ombe anacheka, meno nje. Fundi akakitazama, akaniuliza, "Somoe, huyu anachekea nini, na anajua kwamba anakwenda kuchinjwa?" Nikakifuta chote. Kuanzia siku ile nilijifunza kumuuliza kila ninayemchora yuko pale kufanya nini.

Alinifundisha na mengine. Kibao kikiisha, kigeuze juu chini ukitazame. Herufi iliyokaa vibaya itakurukia machoni. Jua letu hili na chumvi ya bahari hula nyekundu kwanza, kwa hiyo jina la mteja usiliandike kwa nyekundu, labda kama humpendi. Na kubwa kuliko yote: usichore kitu kabla hujakaa dukani kwa mteja nusu siku, umenyamaza, unasikiliza watu wanakiitaje anachouza. Mwenye mali anakwambia anauza "bidhaa bora za lishe". Mteja wake anasema, "Nipe ule unga wa mtoto." Basi andika unga wa mtoto, ukamaliza kazi.

Mimi na Selemani ofisi yetu tuliijenga juu ya hayo. Vyumba viwili, feni moja, printa inayokohoa. Watu walidhani tunauza michoro. Sisi tulikuwa tunamsaidia mtu ajulikane: jina, rangi, lebo, kibao, bango, maneno ya kusema redioni, na pengine kumwambia ukweli kwamba duka lake linanuka panya na hakuna nembo itakayoliokoa. Mimi nachora kwa mkono, Selemani anaingiza kwenye kompyuta. Tuligombana sana na hatukuachana.

Haya, sasa njooni kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa mkaanga korosho wa Mtawanya. Mjane, ana watoto watatu, mikono imebabuka kwa mafuta ya maganda. Korosho zake zilikuwa tamu, wallahi, lakini alikuwa akizipanga kwenye sinia stendi, na anayenunua stendi anataka kujadili bei mpaka gari linaondoka. Akataka kuingia madukani, anunuliwe na wafanyakazi wa gesi na wa saruji, na wageni wanaotaka zawadi ya kupeleka kwao. Aliuza cherehani yake na kipande cha shamba ili kuchapisha pakiti. Alipokuja kwetu alisema, "Bi Somoe, hii ikianguka nami nimeanguka. Sina pa kurudi."

Nilikaa naye stendi nusu siku kama kawaida. Nikasikia wateja wanasema, "Nipe za yule mama." Hawasemi korosho safi, hawasemi korosho bora. Jina likawa limepatikana: Korosho za Mama. Zuhura akafurahi, ila sura yake mwenyewe hakutaka iwekwe. "Nichoree mama wa huku kwetu," akasema, "mama yeyote, mtu akimwona amwamini."

Nikasema, hiyo ndogo. Nikakaa mezani saa nne asubuhi na penseli.

Sasa hapa ndipo pa kunisikiliza. Kwa kawaida mimi sura nilikuwa naipigania. Nafuta pua, narudia jicho, nakunywa maji, namtukana Selemani bila kosa. Siku ile sikufuta hata mstari mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe. Mama wa makamo, amejitanda khanga, kichwa amekiinamisha kidogo, anakutazama kama mtu anayetaka kukukumbuka. Mwishoni mkono ukapanda ukaweka kovu, jembamba, kutoka kwenye nyusi ya kushoto kuelekea sikioni. Selemani akasema, "Kovu la nini kwenye lebo ya chakula?" Nikamjibu, "Bila kovu atafanana na mwanasesere." Kumbe hata mimi sikujua la nini. Adhana ya adhuhuri ikasikika nikiwa nimemaliza, na mwili wangu umepoa kama niliyetoka majini.

Zuhura alipomwona alisema tu, "Huyu anajua shida." Tukachapisha.

Tukazipeleka madukani. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Zuhura akaja ofisini, hakulalamika, alikaa tu kwenye benchi anavuta uzi wa khanga. Korosho iliyokaangwa haina subira, mnajua. Ikikaa inageuka, inanuka mafuta ya zamani. Nikamwambia arudi nyumbani, nitazunguka mwenyewe.

Nilianzia hapahapa Shangani kwa Mzee Hamza, mzee wa Kimakonde, duka lake lipo tangu sijaolewa. Nikatazama rafu. Pakiti za Zuhura zipo zote, zimepangwa vizuri, hazina vumbi, ila zote zimegeuzwa. Mgongo kwetu, uso ukutani. Nikacheka, nikasema, "Mzee Hamza, bidhaa inauzwa kwa uso wake, si kwa mgongo." Nikazigeuza moja moja. Yeye akaendelea kupima sukari.

Kesho yake asubuhi nikapita. Zimegeuzwa tena ukutani.

Nikaenda duka la karibu na stendi, ambalo mwenyewe ni kijana na hamjui Mzee Hamza kabisa. Uso ukutani. Nikapanda bajaji hadi Mikindani, duka la mama mmoja wa pwani. Uso ukutani. Nilipomuuliza yule mama ni nani aliyezigeuza, alinitazama machoni, akasema, "Bi Somoe, unaniuliza mimi?" Kisha akaingia ndani akaniacha nimesimama na mizani yake. Nawaambia, nilirudi Mtwara huku natazama nyuma ya bajaji kila mara, na sijui nilikuwa natafuta nini.

Nikarudi kwa Mzee Hamza. Safari hii sikutania. Nikamwambia, "Mzee wangu, kuna mjane ataanguka na watoto wake kwa ajili ya hizi pakiti. Kama nimekosea niambie."

Akaweka chini kijiko cha sukari. "Wewe hunjui huyu?"

"Simjui. Nimemtoa kichwani."

"Astaghafirullah," akasema taratibu. "Ntu mwenyewe ulintafuta wewe. Karatasi zake ulizichapa wewe, zikabandikwa mji nzima, mpaka kwenye mlango wangu huu. Asumini. Yule aliyepotea na mtumbwi kule Ruvuma, mto unapokutana na bahari, wakitoka kuvuna mpunga ng'ambo. Wenzake waliokotwa. Yeye hakuokotwa, si mzima si maiti. Nyumbani kwao tanga la msiba halikuwekwa, na lisilowekwa haliwezi kuanuliwa. Nyumba yenye msiba picha hugeuzwa ukutani, mama, wewe umelelewa huku, unajua. Sisi tuliona umemrudisha, tukadhani unajua unalolifanya. Hatuwezi kumwacha ntu wa namna ile anatazama watu wanunue chumvi."

Mnaona? Mji mzima ulikumbuka ile karatasi ilitoka mkononi mwangu. Aliyesahau ni mimi peke yangu.

Selemani aliifungua kompyuta ya zamani tuliyokuwa tumeifunika kwa kitambaa. Kazi za kulipwa zilikuwa na mafaili, zina majina na tarehe. Ile tuliifanya bure, kwa huruma, na kazi ya bure kwetu haikuwa na faili. Ilitupwa tu mahali. Akatafuta hadi jasho likamtoka. Akaipata. ANATAFUTWA, na chini yake sura. Miaka kumi na sita kabla ya siku ile, kaka yake Asumini alituletea picha ya harusi, dada yake amesimama nyuma ya watu, nusu ya uso imefunikwa na bega la mtu. Upande wa kulia ulikuwepo. Upande wa kushoto niliujenga mimi kwa penseli, siku mbili nzima, ili watu wapate sura kamili ya kumtambua.

Tukaweka lebo pembeni yake. Ni yeye. Tofauti ni kwamba kwenye tangazo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na kwenye lebo alikuwa amezeeka kwa kiasi kilekile cha miaka iliyopita. Na kovu. Kwenye tangazo halikuwepo. Mimi nilikuwa nimeliweka juu ya ule upande wa uso ambao sikuwahi kuuona. Selemani akazima feni, sijui kwa nini, tukakaa kwenye joto tunazitazama zile sura mbili.

Nikaamua pakiti zote ziondolewe. Nilikuwa sijajua nitamwambiaje Zuhura. Siku ya pili yake, kabla sijatoka, akaingia binti mrefu, mwembamba, vumbi la njia miguuni. Akafungua pindo la khanga yake akatoa pakiti ya korosho, akaiweka mezani kwangu, uso juu.

"Shikamoo bibi. Wewe ndiye umemchora huyu?"

"Marahaba mwanangu. Ni mimi."

"Mimi naitwa Mwajuma. Natoka Kitaya kwa mjomba. Huyu ni mama yangu."

Nikaanza kuomba radhi. Niliomba kwa maneno yote niliyonayo, nikamwambia nimekosa, sikumuuliza mtu, pakiti nitaziondoa na za kuchoma nitazichoma. Akaningojea nimalize, kwa adabu, mikono imefumbatwa.

"Bibi, sikuja kugombana. Mama aliondoka nina miaka saba. Nimechumbiwa, harusi nimeiahirisha mara mbili. Mjomba anasema tumsomee hitima tumalize, mimi nikakataa. Sijui kama nina mama au nina marehemu. Wewe umemchora mzee. Mama yangu hakuwa mzee. Na hili kovu hakuwa nalo." Akaweka kidole juu ya karatasi. "Nataka uniambie kitu kimoja tu. Ulimwona wapi?"

Nyie watoto, nimeulizwa maswali mengi na wateja wabishi. Hilo nilitaka kulijibu.

Nilijaribu. Nikafikiri labda ni Kilambo, kule kwenye pantoni ya kuvukia mto, niliwahi kwenda kupima kibao cha duka la dawa za mimea. Kulikuwa na mwanamke anauza uji. Je, alikuwa na kovu? Nilipofikiri, naam, alikuwa nalo. Nilipofikiri tena, hakuwa nalo. Nikaona akili yangu inamchorea yule muuza uji kovu huku nimekaa, kama nilivyozoea kuwachorea watu. Nikamwambia ukweli: "Mwanangu, sijui. Siwezi kukudanganya. Mkono umechora, mimi sijui."

Alilia bila sauti. Hilo lilinichoma kuliko angepiga kelele.

Kumbe wakati wote huo Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuniuliza habari ya korosho zake, akasikia yote. Mimi nikamgeukia, nikamwambia kwa aibu, "Zuhura, hizi pakiti haziwezi kubaki. Nitakutengenezea nyingine kwa gharama zangu, ila korosho zilizomo..."

"Haziondolewi," akasema.

"Zuhura."

"Bi Somoe, wewe si ndiye unayesema bidhaa ipelekwe alipo anayeihitaji? Hizi hazikuwa za madukani. Tumezipeleka pasipo pake." Akamshika Mwajuma mkono. "Mama huyu kama yupo, yupo mtoni au ng'ambo. Namba yako ya simu ni ipi, mwanangu?"

Hiyo, wanangu, ndiyo biashara niliyoiona kwa macho yangu ikifanywa na mtu ambaye hakuwa na kitu. Selemani alichapisha karatasi ndogo za kubandika mgongoni mwa pakiti: Ukimjua mama huyu, mwambie Mwajuma anamtafuta, na namba. Tulikaa ukumbini kwa Zuhura, Mtawanya, sisi wanne, tunabandika. Karibu pakiti zote alizozichapisha kwa cherehani yake na shamba lake akazikabidhi kwa wachuuzi wanaovuka mto, bei ya kutupa, nyingine bure. Nikamwambia, "Utakula nini?" Akaniambia, "Nitakaanga nyingine." Mwajuma akabaki pale kwake, anabangua korosho huku anasubiri.

Simu zilipigwa. Kwanza wahuni. Mmoja alisema yeye ndiye mama mwenyewe, na sauti yake ya kiume. Mwingine alitaka kujua kama korosho zipo za chumvi. Mwezi ukaisha. Mwajuma akaanza kuongea habari za hitima, na mimi nikaona afadhali, apumzike.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi, Jumanne. Nilikuwa nimepita kuwapelekea samaki. Zuhura anachochea moto, Mwajuma anachambua, mikono myeusi kwa utomvu. Simu ikaita, namba ya ng'ambo. Akaipokea kwa kiwiko akaweka sauti kubwa, kwa vile mikono ilikuwa michafu.

Kwanza kuku wanasikika, na upepo. Halafu sauti ya mwanamke, Kiswahili kimechanganyika na Kimakonde, anaongea taratibu kama mtu anayesoma.

"Nimeona sura yangu kwenye korosho."

Zuhura akashika mdomo.

"Hili kovu," sauti ikasema, "nililipata huku, siku niliyotolewa majini. Ubao wa mtumbwi. Huko kwetu hakuna aliyewahi kuliona. Nani kawaambia?"

Mwajuma akaiinamia simu. Akasema, "Mimi Mwajuma." Basi. Kule upande wa pili nikasikia kilio ambacho sitakisahau. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilikaa chini kwenye maganda ya korosho nikalia nao, samaki wangu nimewaachia paka.

Kwa nini hakurudi miaka yote ile, ni habari yake Asumini. Mimi nimeshaitangaza sura yake mara mbili bila ruhusa. Ya tatu sithubutu. Alivuka wiki iliyofuata. Nilikwenda naye hadi Kitaya nimwombe radhi, akanishika uso kwa mikono miwili, upande huu na upande huu, akanitazama sana. Nikamuuliza kama aliwahi kuuza uji Kilambo. Akasema hajawahi kukanyaga Kilambo. Nikamuuliza kama amewahi kuniona popote. Akatikisa kichwa. Kovu lake nililitazama karibu kuliko nilivyopaswa. Linaanzia kwenye nyusi, linakwenda sikioni, na mwishoni lina kona ndogo. Nilipofika ofisini nilichukua lebo nikaipeleka dirishani. Kona ilikuwepo.

Kwa hiyo msiniambie "nimebuni tu kichwani." Mtu akiwaagiza sura, mtafuteni mwenye sura, mkae naye, mumuombe, aweke sahihi, apewe chake. Na kazi ya bure iwekeeni faili sawasawa na ya kulipwa. Ni hayo tu ninayoyajua. Mengine nayaogopa kama nyie.

Pakiti mpya za Zuhura nembo yake ni tawi la mkorosho, bila mtu. Zinauzwa mpaka uwanja wa ndege. Lakini zile za zamani zilikuwa zimebaki chache dukani kwa Mzee Hamza, amekataa kuzitoa. Siku ya harusi ya Mwajuma nilipita pale asubuhi kununua udi. Mzee alikuwa amepanda kwenye kigoda, miguu inamtetemeka, anazigeuza moja moja zitazame nje.

"Si umesikia," akaniambia bila kugeuka. "Leo anamwoza bintiye."